Waifai ya nyumbani imeingiliwa? Anza na dalili unayoiona

Malalamiko ninayoletewa kuhusu waifai za majumbani hayazidi saba au manane. Nyumba zinabadilika tu. Bando la mwezi limekata tarehe kumi na mbili. Paswedi imebadilishwa jana, leo jirani yumo tena. Simu inaandika kwamba usalama ni dhaifu. Ukurasa wa benki umekuja na sura ngeni. Nimeyapanga hapa kwa dalili, na chini ya kila dalili vyanzo vimefuatana kuanzia kile ninachokikuta mara nyingi hadi kile cha nadra. Fuata mpangilio huo huo. Ukianza kwa kumsaka mdukuzi utapoteza siku nzima, kumbe neno la siri limetolewa na mwanao kwa rafiki zake.

Kabla ya yote tuelewane juu ya jambo moja, maana makosa mengi yanaanzia hapa. Ruta yako, yaani kile kisanduku kinachorusha waifai, ina siri mbili. Ya kwanza ni ile unayompa mgeni akikuomba waifai. Hiyo nitaiita neno la siri. Ya pili ndiyo inayofungua ukurasa wa mipangilio ya ruta yenyewe. Hiyo nitaiita nywila ya ruta. Watu wanabadili ya kwanza mara kwa mara, ya pili hawajaigusa tangu siku fundi alipofunga mtambo. Na ile ya pili ndiyo kubwa. Mtu akiingia kwenye mtandao wako mara moja tu na nywila ya ruta bado ni "admin", anaweza kusoma neno la siri lako, kufungua mtandao wa pembeni usioujua, na kuacha njia ya kurudi akiwa kwake.

Kuufikia ukurasa huo, unganisha simu na waifai yako, zima data ya laini, fungua kivinjari uandike anwani iliyo kwenye kibandiko chini au nyuma ya ruta. Ruta nyingi hutumia 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Zile za kuweka laini ya simu mara nyingi ni 192.168.8.1, na visanduku vingi vya faiba ni 192.168.100.1. Menyu karibu zote ni za Kiingereza, kwa hiyo nitakutajia neno la kutafuta kila inapobidi. Usisahau kuzima data. Wengi wananiambia ukurasa umegoma kufunguka, kumbe simu inaitafuta ruta kupitia laini.

Dalili ya 1: Bando linaisha mapema, au jioni intaneti inakuwa nzito

Chanzo cha kwanza ni vifaa vyako mwenyewe. Video ya ubora wa HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na ile ya 4K kama GB 7. Televisheni inayocheza YouTube toka asubuhi mpaka watoto walale inamaliza bando bila mwizi yeyote. Ongeza kompyuta ya Windows inayopakua masasisho, simu inayopandisha picha zote kwenye hifadhi ya mbali, na makundi ya WhatsApp yanayoshusha kila video. Shusha ubora wa video kwenye televisheni. Kwenye kompyuta, nenda kwenye mipangilio ya waifai uweke kwamba muunganisho huo unapimwa ("Metered connection"), na masasisho mengi yatasubiri ruhusa yako. Angalia siku mbili tatu. Kama tatizo limekwisha, hapakuwa na mgeni.

Chanzo cha pili ni neno la siri kujulikana na watu wengi. Hapa utahesabu. Kwenye ukurasa wa ruta tafuta "Connected Devices", "Client List" au "DHCP". Utaona orodha ya vifaa vilivyomo sasa hivi. Usikisie, waite watu wa nyumbani mkae pamoja.

Nilifanya hivyo Tabata, kwa mama mmoja mwenye nyumba ya watu watano. Orodha ilikuwa na vifaa kumi na tisa. Nikawa nasoma jina moja moja, naye ananijibu: hii Galaxy ni ya baba, hii Tecno ya dada wa kazi, hii kompyuta ya binti wa chuo. Tulipofika kwenye jina la televisheni akanyamaza, akageuka kuitazama ya kwake ukutani. Ilikuwa imezimwa na waya umechomolewa. "Hii si yangu, mwanangu," akasema. Ilikuwa ya wapangaji wa nyumba ya nyuma, na chini yake zilifuata simu saba ambazo hakuna aliyezitambua. Nilichokuja kukigundua baadaye kiko kwenye dalili ya pili.

Ukikuta jina usilolijua, zima waifai kwenye kifaa kimoja kimoja cha nyumbani huku mkionyesha upya orodha. Kinachotoka kwenye orodha ni chenu. Kinachobaki vyote vikiwa vimezimwa ndicho cha kuuliza. Ruta nyingine huchukua dakika kadhaa kabla ya kuondoa jina, basi kuwa mvumilivu. Jambo jingine: simu za Android 10 ya mwaka 2019 na zilizofuata, pamoja na iPhone kuanzia iOS 14 ya mwaka 2020, kwa kawaida hazitoi anwani yao halisi ya MAC, ile namba inayokitambulisha kifaa kwa ruta, hutumia ya kubuni kwa kila mtandao. Simu yako mwenyewe inaweza kuonekana kama mgeni, hasa kama umebadili jina la waifai. Kwa sababu hiyo hiyo, kumfungia mtu kwa kuzuia anwani yake ya MAC siku hizi hakumzuii. Anabadili kwa kugusa mara moja na kurudi. Dawa ni kubadili neno la siri, na sehemu inayofuata inaeleza namna ya kulibadili likabaki limebadilika.

Kama orodha ni safi na uzito unabaki, mambo yanayofuata hayahusu usalama. Ruta imefichwa nyuma ya kabati au ya friji, laini imefikia kikomo cha matumizi ya kifurushi, au mtaa mzima unatumia mnara mmoja saa moja jioni. Unganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja na ruta upime kasi. Kwa waya ikiwa bado nzito, piga simu kwa kampuni iliyokuletea intaneti.

Dalili ya 2: Umebadili neno la siri, lakini wale wale wamerudi

Malalamiko haya ndiyo yanayowaumiza watu zaidi, maana mtu anaona amefanya wajibu wake na hakuna kilichobadilika. Vyanzo vyake viko vingi, nami nitavipitia kimoja kimoja.

Mara nyingi kabisa neno limetoka ndani ya nyumba. Android 10 kuendelea inaruhusu mtu aliyeunganishwa kushiriki waifai kwa msimbo wa QR. Ule mchoro wa visanduku vyeusi na vyeupe watu wanauchukulia kama ufunguo uliofungwa, hivyo wanaupiga picha na kuutuma bila wasiwasi. Ndani yake kuna maandishi tu. Nilimwonyesha yule mama wa Tabata: nilichukua picha ya msimbo uliokuwa kwenye simu ya kijana wake, nikaisoma kwa programu ya kawaida ya kusoma misimbo ya QR, na kioo kikaandika WIFI, kikafuata jina la mtandao wake, kisha herufi P na nukta mbili, na baada yake neno la siri lote, wazi, herufi kwa herufi. Picha hiyo kijana alikuwa ameituma kwenye kundi la wenzake wa mpira. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anawakaribisha waje kutazama mechi. iPhone nazo, tangu iOS 16 ya mwaka 2022, zinaonyesha neno la siri lililohifadhiwa kwa yeyote anayeweza kuifungua simu.

Simu ya kila uliyemruhusu kuingia, basi, inaweza kulitoa neno lenyewe. Ndiyo maana nashauri mgeni asipewe waifai ya familia hata siku moja. Kumnyima mtu aliyekuja kwako si ustaarabu wetu na sikuambii umnyime. Mfungulie wake: kwenye ruta tafuta "Guest Network", uuwashe, uupe jina na neno lake la siri, na uzuie wageni wasione vifaa vingine vya nyumbani. Shughuli ikiisha, msiba umeanuliwa au harusi imepita, unauzima na hakuna simu ya nyumbani inayosumbuka.

Chanzo kinachofuata ni kubadili nusu. Ruta nyingi zinarusha mitandao miwili, wa 2.4 GHz na wa 5 GHz, na kila mmoja una neno lake. Mtu anabadili wa kwanza, wa pili unabaki na neno la zamani. Mtandao wa wageni nao una la kwake. Na kama una ekstenda ya kufikisha waifai chumba cha uani, hiyo ni hatari ya pekee: unaipa neno jipya la ruta ili iunganike, huku yenyewe ikiendelea kuwapokea watu kwa neno lake la tangu zamani. Pita kote. Usiondoke kwenye ukurasa kabla hujahesabu majina yote yanayorushwa kutoka nyumbani kwako.

Kisha kuna WPS, kile kitufe cha kuunganisha kifaa bila kuandika neno. Kitufe chenyewe kinahitaji mtu awe ndani ya nyumba, lakini pamoja nacho kuna njia ya PIN ya tarakimu nane, na hiyo ni mbovu tangu kuzaliwa. Mwishoni mwa mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua PIN kwa vipande viwili: tarakimu nne za kwanza peke yake, halafu tatu, na ya nane inapatikana kwa hesabu. Badala ya mamilioni ya majaribio, mshambuliaji anahitaji yasiyozidi 11,000. Ruta mpya hujifunga baada ya makosa kadhaa, za zamani hazijifungi. Zima WPS yote. Hutaikumbuka.

Cha nadra ni neno lenyewe kukisiwa, lakini hapa kwetu kuna tabia inayolirahisisha: kutumia namba ya simu. Mtu aliye karibu anaweza kunasa salamu ambazo simu yako na ruta hupeana wakati wa kuunganika, akaenda nazo nyumbani na kujaribu maneno kwa utulivu bila wewe kujua. Namba za simu za Tanzania zinaanza na 06 au 07 na kufuatiwa na tarakimu nane, kwa hiyo zote kwa jumla hazizidi milioni 200. Kompyuta yenye kadi nzuri ya picha inazijaribu zote kabla dakika tisini za mpira hazijaisha. Jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa ni rahisi zaidi. Chukua maneno manne yasiyohusiana, kwa mfano kinu, jahazi, ukwaju na tisini, uyaunganishe kwa vistari. Waifai inakubali herufi 8 hadi 63, basi usibane. Liandike kwenye daftari uliweke kabatini. Karatasi iliyo ndani ya nyumba yako haisomwi na mtu aliye barabarani.

Ukishapita yote hayo, badili na nywila ya ruta siku hiyo hiyo. Tafuta "System", "Administration" au "Account". Neno jipya lisifanane na la waifai.

Dalili ya 3: Nywila ya ruta inakataa

Soma kibandiko kwanza, kwa tochi, kwa sababu herufi kubwa ya I na tarakimu 1 zimewatesa wengi. Kisha mpigie fundi aliyefunga. Mara nyingi aliweka yake na hakukuambia. Kwa visanduku vya faiba, kampuni yenyewe huwa na akaunti ya juu na inakupa wewe ya chini inayobadili vitu vichache tu.

Hapo ndipo watu wanachukua kijiti cha kutobolea kadi ya simu na kubonyeza kitundu cha "Reset" mpaka taa zote zizime. Simama kidogo. Kama ruta uliinunua mwenyewe na inatumia laini ya simu, kwa kawaida hakuna hasara: inarudi kama ilivyotoka kiwandani, unaipanga upya kwa dakika kumi. Lakini kisanduku cha faiba hubeba mipangilio ya kampuni, pamoja na jina na neno la kuingilia kwao. Ukikifuta, taa ya intaneti inaweza isirudi na utakaa bila huduma mpaka waje. Kwa kisanduku cha kampuni, piga simu kwanza.

Dalili ya 4: Simu inaandika kwamba usalama wa mtandao ni dhaifu

iPhone ndizo zinazolalamika zaidi, maneno madogo chini ya jina la waifai. Haimaanishi umeingiliwa. Maana yake ruta inatumia ulinzi wa kizamani.

WEP, ulinzi wa kwanza wa waifai, ilikuja mwaka 1997 na ilivunjwa hadharani mwaka 2001. Leo inafunguliwa kwa dakika chache. WPA ya mwaka 2003 ilikuwa kiraka cha muda. WPA2 ya mwaka 2004 ndiyo inayofaa kuwa kiwango cha chini nyumbani, ikiwa njia yake ya kufumba data imewekwa AES na wala si TKIP. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018, na inaziba ule mwanya wa kunasa salamu na kukisia ukiwa nyumbani. Nenda kwenye "WLAN" au "Wireless", kisha "Security", chagua WPA3, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama una vifaa vya zamani. Printa, kamera na televisheni za miaka ya nyuma zitakataa WPA3 peke yake. Hilo si kosa lako, rudi kwenye mchanganyiko.

Ruta isiyo na chaguo zaidi ya WEP au WPA haina matengenezo. Inunuliwe nyingine.

Watu wananiuliza kama kuficha jina la waifai kunasaidia. Hapana. Jina linanaswa kila simu yako inapounganika, na simu zako zitakuwa zinaliita hilo jina hata ukiwa kwenye daladala.

Dalili ya 5: Kurasa zinakupeleka kusikojulikana, au benki inaomba mambo mapya

Acha kila kitu cha fedha kwanza. Usiandike PIN, usithibitishe muamala, usibonyeze "endelea" pale kivinjari kinapokuonya kwamba ukurasa si salama.

Kipimo ni hiki. Fungua anwani ile ile kwenye simu nyingine iliyo kwenye waifai hiyo hiyo, halafu kwenye simu moja iliyozimwa waifai na kutumia data ya laini. Kama ni simu moja tu inayosumbua popote ilipo, tatizo ni la simu hiyo: kuna programu iliyopakuliwa nje ya duka rasmi, au ruhusa ya arifa uliyoipa tovuti fulani. Ondoa programu ya karibuni kabisa na ufute ruhusa. Hicho ndicho chanzo ninachokikuta zaidi.

Kama simu zote zinapotea zikiwa kwenye waifai na zinapona zikiwa kwenye data, ruta imeguswa. Mara nyingi kilichoguswa ni DNS, yaani kile kitabu cha namba ambacho vifaa vyako hukiuliza "tovuti hii iko wapi?" Mwenye kukibadili anakupeleka kwake huku anwani uliyoandika ikibaki ile ile. Si nadharia. Kundi lililokamatwa mwaka 2011 kwa mchezo huo, wengi wao raia wa Estonia, lilikuwa limefikia kompyuta zaidi ya milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, na FBI ililazimika kuendesha seva mbadala mpaka tarehe 9 Julai 2012 ili waathirika wasikatikiwe na intaneti kwa mara moja.

Tengeneza kwa mfuatano huu, bila kuruka:

1. Chomoa waya unaoleta intaneti, au toa laini, ruta ibaki inawaka peke yake.
2. Badili nywila ya ruta.
3. Kwenye "WAN", "Internet" au "DHCP" tazama DNS. Weka ipokelewe yenyewe kutoka kwa kampuni, au andika 1.1.1.1 na 9.9.9.9.
4. Zima "Remote Management", njia ya kuingilia ruta kutoka nje. Nyumbani huihitaji.
5. Rudisha intaneti, tafuta "Firmware" au "Update", usasishe programu ya ndani ya ruta. Umeme ukiwa unakatika-katika siku hiyo, subiri. Ukikatika katikati ya zoezi, ruta inaweza isiwake tena.
6. Zima na uwashe.

Hatua ya 2 kuitangulia ya 6 kuna sababu yake. Mwaka 2016 programu haramu iliyoitwa Mirai iliteka ruta na kamera za watu kwa kujaribu kama jozi 60 tu za majina na nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuiangusha huduma ya DNS ya kampuni ya Dyn nchini Marekani. Mirai ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda, hivyo kuzima na kuwasha kuliifuta. Lakini kifaa kilichobaki na nywila ile ile kilitekwa tena ndani ya dakika chache.

Ukimaliza, badili maneno ya siri ya barua pepe na benki ukiwa kwenye data ya laini. Kama DNS ngeni inarudi yenyewe baada ya yote haya, usiendelee kuitumia ruta hiyo. Mpigie mtoa huduma. Kama fedha zimeondoka, benki au kampuni ya pesa za simu ipigiwe kabla ya fundi yeyote, muamala uzuiwe, kisha polisi.

Nyongeza kwa wenye ruta za laini ya simu, na hili naliona halisemwi vya kutosha. Laini iliyo ndani ya ruta inapokea SMS kama laini nyingine, na ruta nyingi za aina hiyo zina ukurasa wa kuzisoma. Baadhi zinapiga hata namba za nyota na reli. Aliye na nywila ya ruta anasoma ujumbe wako. Usiweke humo laini uliyoisajilia pesa za simu, wala ile inayopokea namba za uthibitisho za benki. Nunua laini ya kazi hiyo tu.

Dalili ya 6: Jina la waifai yako linaonekana mara mbili

Kwa kawaida ni ruta yako yenyewe inayorusha 2.4 na 5 GHz, au ni ekstenda. Zizime zote. Jina likipotea, yote mawili yalikuwa yako. Likibaki moja, pengine jirani ana ruta kama yako na hakubadili jina la kiwandani. Badili lako, usiweke jina la ukoo wala namba ya nyumba.

Kilicho nadra na cha hatari ni mtu kutengeneza jina kama lako kwa makusudi. Utaitambua kwa kuwa jina la pili halina alama ya kufuli, au linakufungulia ukurasa unaoomba neno la siri la waifai upya. Ruta ya nyumbani haiombi hivyo. Usiandike kitu, futa mtandao huo kwenye simu.

Dalili ya 7: Jina na neno la siri vimerudi vya kiwandani vyenyewe

Mtoto kabonyeza kitundu. Au adapta imechoka: umeme ukipanda na kushuka, ruta inapoteza mipangilio. Pima kwa adapta nyingine yenye volti zile zile zilizoandikwa kwenye kibandiko, maana ya volti tofauti inaweza kuiua. Au kampuni ya intaneti imesukuma mipangilio upya kwa mbali kwenye kisanduku chake, waulize. Hadi utakapojua, chukulia kwamba kila aliyepata kusoma kibandiko anaweza kuingia, na urudie kazi ya dalili ya pili yote.

Pa kuishia wewe na kumwita mwenye kazi

Taa ya LOS ikiwaka nyekundu kwenye kisanduku cha faiba, waya wa kioo umekatika au umepindwa. Usiuchomoe, usiutazame kwa ndani, mwanga wake huuoni lakini unaweza kudhuru jicho. Ruta au adapta ikinuka kuungua, zima kwenye soketi na usiiwashe tena.

Kamera ya ndani ikigeuka au kutoa sauti ambayo hakuna mwenye programu yake aliyeitoa, chomoa umeme wake kwanza, maswali baadaye. Kama kuna mtu anakutishia kwa picha au ujumbe ulioibwa, usifute chochote. Piga picha za kioo na uende polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina yake ya mwaka 2018, na kuingia bila ruhusa kwenye mfumo wa mtu mwingine ni kosa kwa zote mbili. Kwa sababu hiyo hiyo usijaribu kumlipizia jirani kwa kuingia kwake. Mtoe kwenye mtandao wako, badili neno, inatosha.

Unapompigia mtoa huduma uwe na vitu vitatu mkononi: namba ya akaunti, namba ya ruta iliyo kwenye kibandiko baada ya herufi SN, na picha ya taa zinavyowaka. Na fundi akija, mwache afanye kazi yake mpaka mwisho. Akikuambia amemaliza, chukua simu yako, fungua ukurasa wa ruta, mwombe asogee kidogo, uandike nywila mpya mwenyewe.